Nyumba ya Sukari na Chai Yake Chungu

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi, na huo ndio mwaka shida ilipoijua njia ya kwetu. Baba alikufa maharage yakiwa bado shambani, juu huko upande wa Kigonsera. Nilikuwa darasa la tatu. Nikatoka darasani siku ya mazishi na sikurudi tena. Mama alinitwika kikapu cha maharage tukashuka ziwani kubadilishana na samaki, na tangu hapo sijawahi kulala bila kujua kesho kuna nini ndani ya nyumba.

Nayasema haya mwanzoni ili anayetaka maneno ya msomi aniache mapema. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ukikuta herufi imekaa vibaya, isogeze, uendelee.

Nawaandikia ninyi vijana wa Ng'ambo, na yeyote atakayeolewa huku bila kuambiwa. Ng'ambo ni kisiwa chetu, kidogo, ndani ya Ziwa Nyasa mbele ya Lipingo. Watu wa Lipingo walikiita hivyo kwa sababu kwao ni ng'ambo, nasi tukakubali, japo ukisimama kwetu ng'ambo ni kwao. Ukipiga kelele hawakusikii, lakini ukianika shuka jekundu wanaliona. Hiyo ndiyo karibu yetu, na hiyo ndiyo mbali yetu.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya Anjela. Anjela ni kitukuu changu, mtoto wa mjukuu wangu Sesilia, na msimu wa mwera uliopita alikaribia kutuponyoka mchana kweupe, jua linawaka, simu zenu zote zina chaji. Nataka mjue ni nini kilichomrudisha. Ila nitaanza mbali, maana hakikuanza mwaka jana.

Mwera mnaujua. Kwa asiyeujua: ni upepo wa kusini unaokuja mvua zikishaondoka. Hauji na mawingu. Anga safi, ziwa linapanda na kushuka, na mtumbwi unaojaribu kuvuka unarudishwa vipande. Ukivuma siku chache, watu wanautania. Ukivuma zaidi ya hapo, kisiwa kizima kinaishi kwa kile kilichomo ndani ya nyumba. Kilichoko Lipingo mnakiona tu.

Kazi yangu ilikuwa duka. Hivyo ndivyo watu walivyoiita. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kufunga nyumba. Kila mwaka baada ya Pasaka nilifunga mlango wa duka, nikapita nyumba kwa nyumba kutazama kama imekaa tayari kwa mwera. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenipa cheti. Nilifungua vyungu vya watu nikaingiza mkono mpaka chini, maana juu ya chungu kila mtu ni tajiri.

"Mama Gerold, unatafuta nini chunguni kwangu?" mwanamke mmoja aliniuliza, amejishika kiuno.

"Natafuta mwezi wa saba."

"Sasa hivi ni mwezi wa tano!"

"Ndiyo. Na huo wa saba ukija ukakuta chungu kitupu, utapika nini? Mwezi?"

Alinifukuza. Kesho yake alikuwa dukani mapema kuliko jua, anauliza kama mihogo ya kukausha bado ipo kwa jirani yangu.

Mimi sikuzaliwa najua. Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Bibi Atanasia, Mungu amlaze pema. Siku nilipoletwa Ng'ambo kuolewa na Kanisius, watu wengine walinitazama uso. Yeye alinishika mikono, akaigeuza, akasema, "Hii imelima. Haya, mwacheni aingie."

Alinifundisha makopa. Muhogo uliokaushwa ukiupinda na ukakubali kupinda, haujakauka. Urudishe juani. Unatakiwa ukatike na kulia "ka!", kama kijiti. Ukiuweka na unyevu kidogo tu, utafungua baada ya wiki chache ukute ndevu za kijani, na hapo umeshapoteza mihogo na mvumo wote wa mwera uko mbele yako. Alinifundisha usipa, dagaa wa ziwa letu, kukaushwa juu ya uchanja, si mchangani. Dagaa wa mchangani wanakauka vizuri, lakini meno yenu yatakwisha kabla ya samaki. Alinifundisha dari la jikoni, zile fito juu ya moto ambako moshi unapita mchana kutwa. Mdudu hapendi moshi. Kitu kilichokaa darini kinageuka kuwa cheusi, kinanuka, na kinabaki.

Mimi nami nilimfundisha kitu kimoja. Maharage yangu niliyachanganya na majivu yaliyochekechwa, kama tunavyofanya milimani. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Ninyi Wamatengo mnakula majivu?"

"Tunayaosha, mama."

"Mkiyaosha yanaondoka, sasa mnayawekea nini?"

Mwaka ule fukusi waliingia kwenye maharage yake, wakatoboa mpaka yakabaki maganda. Yangu hawakuyagusa. Msimu uliofuata nilimkuta nyuma ya nyumba yake anachekecha majivu, akageuka upande mwingine kama vile hakuniona.

Makosa yangu yalikuwa mengi, nawapa moja tu. Mwaka wangu wa kwanza kushika nyumba peke yangu nilipanga kila kitu kona moja, vizuri, nikajisifu. Debe la unga, na pembeni yake dumu la mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayahitaji kumwagika. Harufu yake inatembea yenyewe. Mwera mzima tulikula ugali wa mafuta ya taa. Kanisius akibeua, nasogeza kibatari. Siku moja katekista alitutembelea, akakaribishwa, akala kwa adabu mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Mama Gerold," akasema, "chakula kilikuwa kizuri. Ila Pasaka ijayo usisimame karibu na mshumaa mkubwa. Tutaungua wote."

Tangu siku hiyo mafuta ya taa yanakaa nje, chini ya kibanda chake, na siku hizi mnaotumia petroli ya injini za boti nawaambia hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kitu kingine: nusu juu, nusu chini. Msiweke akiba yote darini, kwa sababu kuna mwaka upepo unachukua paa. Msiiweke yote chini, kwa sababu kuna mwaka ziwa linapanda na kuingia ndani bila hodi. Miaka ya karibuni mmeliona wenyewe, mahali tulipokuwa tunaanika nyavu sasa ni maji. Na maji ya kunywa nayo ni akiba. Mtu anacheka, kisiwa kimezungukwa na maji, unaweka akiba ya maji ya nini? Mwera ukishachafua ziwa, maji ya ufukweni yanakuwa matope na kila kilichokuwa vichakani kinashuka humo. Chemsha kabla, jaza madumu, funga vifuniko. Viberiti tia kwenye chupa ya dawa yenye kifuniko cha kuzungusha.

Kuhusu chumvi nilifundishwa na Mzee Shomari, aliyekuwa na duka la jumla pale Kitai. Asili yake ni pwani, alikuja kufuata biashara ya kahawa akasahau kurudi. Alinikuta naburuta gunia la chumvi kwenye sakafu ya saruji.

"Binti yangu, chumvi inakunywa. Usiilaze sakafuni, italewa."

Mpaka leo chumvi yangu haigusi saruji wala udongo. Inakaa juu ya ubao, mbali na ukuta, ndani ya debe lenye kifuniko. Hilo debe mtalisikia tena.

Sasa niwaeleze kosa letu kubwa, kosa la kisiwa kizima, ambalo nadhani ni watu wa huku tu wangeweza kulifanya.

Kwa desturi yetu, mtu akija kuomba chakula, hilo ni jambo. Watu wataona, watasema, na yeye atakumbuka. Lakini mtu akija kuomba moto au chumvi, huko hakuhesabiwi kuomba. Unatuma mtoto na kigae, anarudi na kaa la moto. Unapita kwa jirani na kiganja wazi, unarudi na chumvi. Hakuna anayekataa na hakuna anayeshukuru. Desturi nzuri sana. Lakini tazama ilichotufanyia: kila nyumba ilikuwa na aibu ya kukosa mihogo, kwa hiyo kila nyumba ilijaza mihogo mpaka paani. Hakuna nyumba iliyokuwa na aibu ya kukosa kiberiti wala chumvi, kwa hiyo hakuna aliyeweka. Kila mmoja alijua jirani anayo.

Mwaka mmoja, mwanangu Gerold akiwa bado ananyonya, mwera ulianza karibu na Pentekoste na ukakataa kuondoka. Mihogo tulikuwa nayo ya kutosha hata kuwalisha Lipingo. Chumvi ikaisha kisiwa kizima karibu siku moja. Viberiti vikaisha. Hata duka langu lilikuwa tupu, maana na mimi nilifuata watu: niliuza chumvi bila kuacha, nikijua jirani anayo. Moto ukabaki nyumba moja tu, kwa Engelbert na mkewe Otilia, kwa sababu Otilia alikuwa mkunga na tangu anaolewa hakuwahi kuruhusu moto wake uzimike. Mtoto anaweza kuzaliwa saa yoyote, maji ya moto yawepo.

Basi kisiwa chote tukawa tunakwenda kwa Engelbert na vigae. Engelbert alikuwa mtu mnene wa maneno na mpenzi mkubwa wa sukari. Alifurahi kupita kiasi. Hakukupa kaa la moto mpaka uketi, unywe chai yake, usikie hadithi zake. Na chai yake wakati huo ilikuwa tamu hadi kijiko kinasita kuzama.

"Leta kigae, shemeji. Lakini kwanza kaa. Moto haukimbii."

"Engelbert, watoto wana njaa!"

"Ndiyo maana nakupa chai."

Jumapili, padri hakuweza kuvuka, katekista alituongoza sala. Baada ya sala Bibi Atanasia akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu.

"Kila mtu hapa ana mihogo," akasema. "Nauliza tu. Tutaiwasha mihogo? Tutaitia mihogo chumvi ya mihogo?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Siku hiyo tulikubaliana jambo ambalo limeendesha kazi yangu miaka yote. Chakula, kila nyumba na chake. Lakini zaidi ya chakula, kila nyumba itunze kitu kimoja kwa ajili ya wote, kisiguswe mpaka mwera umfikishe mtu mahali pabaya. Katekista akapewa viberiti na mishumaa. Kamba na misumari vikaenda kwa fundi mitumbwi. Chumvi nikapewa mimi, na nikaichukua kama mtu aliyepewa ufunguo wa kanisa. Sukari, ambayo ni ya wagonjwa na wazazi waliotoka kujifungua, Bibi Atanasia akampa Otilia kwa sababu ya ukunga wake.

Hapo watu walipiga kelele. "Otilia sawa! Lakini analala na nani?" Engelbert mwenyewe akasimama akainua mkono kama anaapa mahakamani, na kila mtu akazidi kucheka.

Sasa sikilizeni kichekesho cha Ng'ambo kilichodumu kuliko vingine vyote. Kuanzia mwaka ule, nyumba ya sukari ndiyo nyumba pekee kisiwani ambako chai ilikuwa chungu. Mgeni akifika, Otilia anachemsha majani vizuri, anatia tangawizi, anakupa kikombe. Hakuna sukari. Wala hasemi samahani. Watu wakasema, mnaona? Engelbert ameshaimaliza. Miaka ya mwanzo mgonjwa akipatikana, Otilia mwenyewe alitoka na kikombe chenye sukari amekifunika na kitambaa, akakipeleka. Halafu zahanati ya Lipingo ikaanza kutoa pakiti za dawa ya kuharisha, injini za boti zikaja, watu wakaacha kumuuliza. Chai ikabaki chungu. Nilipokuwa nafunga nyumba nikifika kwake namuuliza, "Dada Otilia, sukari ipo?" Ananijibu neno lile lile kila mwaka:

"Ipo kwa mwenyewe."

Nikadhani ni njia yake ya kuficha aibu ya mume. Sikumbana. Nilimpenda, na Engelbert pia nilimpenda, mungu wa chai yule. Alipokufa nililia kama niliyefiwa na kaka. Hata msibani kwake chai ilikuwa chungu, na mzee mmoja akanong'ona, "Marehemu ameondoka nayo."

Mambo yakabadilika. Sisemi yaliharibika, yalibadilika. Nilipofika huku tuliweka akiba kwenye vibuyu na vyungu, yakaja madebe, yakaja madumu ya plastiki, ikaja simu. Macho yangu yakachoka, nikamwachia Gerold duka na nikaacha kuzunguka. Barabara ya Mbinga ikawa lami mpaka ziwani, mzigo unaoagizwa asubuhi unafika Lipingo jioni. Meinrad, mtoto wa Otilia, akafunga dishi na televisheni kwenye nyumba ya mbele, akapanga mabenchi, vijana wanatazama mpira. Nilimwambia, "Meinrad, nyumba yenu ni ya sukari. Umeweka nini?"

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umeweka nini?"

"Mama mdogo, siku hizi sukari inapigiwa simu."

Nilimwelewa. Alikuwa anasema kweli, miezi tisa kati ya kumi na miwili.

Mwera uliopita ulikuja kama wa mwaka ule wa moto. Wiki ya kwanza vijana walipiga picha mawimbi. Wiki iliyofuata hawakupiga. Na mjue, watu wakikosa kazi ya nje wanakaa ndani na kunywa chai, kwa hiyo sukari ndiyo inayotangulia kuisha. Kisha Anjela akaanza kuharisha. Mtoto wa kutambaa tu, mwenye mashavu, anayenipiga usoni kila nikimbeba. Baba yake alikuwa Mbinga kwenye kahawa. Sesilia alimnyonyesha bila kuchoka. Nilikuwa na pakiti za dawa ya kuharisha kwenye sanduku langu, tukazitumia siku za mwanzo, zikaisha na mtoto bado. Uji mwembamba anautema. Asubuhi moja alilia, nikatazama uso wake, haukuwa na machozi. Macho yameingia ndani. Nikamfinya ngozi ya tumbo kidogo, ikabaki imesimama.

Sesilia alinitazama tu mimi.

Tulimpigia nesi wa Lipingo. Simu ilipokelewa vizuri sana, sauti safi kama yuko jikoni. Kutoka mlangoni niliona hata bati la zahanati yake.

"Bibi, mna sukari na chumvi?" akauliza. "Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Nusu kijiko cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya. Mwera ukitulia tu, mleteni."

"Chumvi usiniulize," nikasema. "Sukari nikiipata nakupigia."

Gerold alikuwa dukani amekaa kati ya rafu tupu.

"Sukari?"

"Mama, iliisha kwenye sherehe ya Komunio. Nilikuwa naagiza Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

Bati la duka lilikuwa linapigapiga juu yetu.

Nikaenda nyumba kwa nyumba, kama zamani, ila safari hii mimi ndiye niliyenyoosha kiganja. Kila mlango walinipa pole. Kijana mmoja alikimbia akaniletea pakiti ya juisi ya unga, ya rangi ya chungwa. Nilimpigia tena nesi, akasema hapana, bibi, hiyo hapana. Yule kijana alitaka kulia. Mungu ambariki, alileta alichokuwa nacho.

Ikabaki nyumba ya Otilia. Nilikwenda bila matumaini, nawaambia kweli. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kumwangalia Sesilia usoni nikiwa nimeruka nyumba moja.

Otilia alikuwa kwenye jiko lake la zamani nyuma ya nyumba. Moto unawaka. Huo moto nadhani ni ule ule.

"Karibu, Mama Gerold. Chai?"

"Dada Otilia, leo sitaki chai. Nataka sukari. Mtoto wa Sesilia anakauka."

"Analia machozi?"

"Hapana."

Aliweka kikombe chini polepole. "Haya," akasema. "Mwenyewe kaja." Kisha akageukia mlango, na sauti aliyotoa sijui aliitoa wapi na mwili ule. "Meinrad! Acha mpira wako. Panda darini!"

Meinrad akaingia anafuta mikono. "Mama, kule juu kuna nini zaidi ya masizi?"

"Panda."

"Ngazi iko wapi?"

"Hakuna ngazi. Leta benchi lako."

Akaleta benchi la kutazamia mpira, akapanda, akaingiza mkono kati ya fito, nyuma ya makopa, nyuma ya vikapu. Akatoa kopo la mafuta ya kupikia, jeusi ti, limefungwa mdomo kwa nta ya mshumaa na mifuko juu ya mifuko. Alipoliteremsha lilimvuta mkono kwa uzito. Tukalifungua. Sukari ilikuwa imeshikana ikawa jiwe moja, rangi ya chai, na ilinuka moshi. Lakini ilikuwa sukari.

Meinrad alisimama kwenye benchi lake anaitazama.

"Mama. Miaka yote hii tumekunywa chai chungu, na sukari iko juu ya vichwa vyetu?"

"Ilikuwa yako?" Otilia akamuuliza.

"Na baba?"

"Baba yako nilimfichia ngazi mpaka anakufa."

Nilicheka. Mtoto yuko kwangu anakauka, na mimi nilicheka, machozi yakanitoka, Otilia naye akacheka bila meno, huku tunavunja sukari kwa mchi wa kinu. Ikivunjika vipande usipime hivyo hivyo, jamani. Isage kwanza iwe unga, ndipo upime, na usawazishe kijiko kwa mgongo wa kisu. Msikisie. Chumvi nilitoa kwenye debe langu, ilikuwa kavu inateleza.

Tulimpa kwa kijiko kidogo. Akatema. Tukangoja kidogo, tukampa tena. Akalamba. Nadhani ilikuwa harufu ya moshi, alikunja uso kama mzee anayevuta kiko. Tukaendelea hivyo, mimi na Sesilia na Otilia, tukipokezana kijiko, na mlangoni kisiwa kizima kimesimama, Gerold akiwa mbele na kofia mkononi. Jua liliposogea hadi kwenye kizingiti, nilikuwa nimempakata Anjela, nikahisi joto likishuka pajani. Amekojoa. Nimevaa vitenge vizuri maishani mwangu, lakini sijawahi kufurahia kitenge kama kile kilicholowa.

"Amekojoa!" Sesilia akapiga kelele, na nje watu wakapiga vigelegele kama vile kakojoa askofu.

Siku chache baadaye mwera ulitulia, boti ikamvusha, nesi akamalizia kazi. Leo Anjela anatembea, na anapiga watu kwa mikono miwili.

Niliporudi kutoka Lipingo nilimbebea Otilia kilo ya sukari. "Hii ni yako," nikamwambia. "Si ya mtu mwingine. Tia kwenye chai yako unywe." Akatia kijiko kimoja, akaonja, akatema mlangoni.

"Unataka kuniua? Inanywekaje hii?"

Ile kilo akaifunga kwenye mfuko, akamwangalia Meinrad, na Meinrad bila kuambiwa akaenda kuchukua benchi.

Vijana, sisemi mtupe simu. Meinrad alinifuata mwenyewe akaniuliza nyumba yake itunze nini, maana sukari ni ya mama yake. Nikamwambia una sola, una betri, tunza mwanga na chaji, mtu asikose kumpigia nesi. Amekubali. Yule wa juisi ya unga anatunza pakiti za dawa ya kuharisha kutoka zahanati, na kila akienda Lipingo anatazama kama muda wake wa matumizi haujapita. Gerold haruhusiwi tena kuuza sukari ya mwisho, hata kwa Komunio, hata kwa harusi ya mtoto wa chifu. Mimi baada ya Pasaka nitapita tena, macho haya haya. Msishangae mkiona mkono wangu chunguni.

Ninachomiliki leo ni hiki. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, vyumba vitatu. Jiko la nje lenye dari. Shamba la mihogo, na kipande cha maharage cha baba kule Kigonsera, wanalima watoto wa kaka yangu. Mbuzi wanne, mmoja anapiga watu pembe. Mtumbwi wa Kanisius, bado hauvuji. Duka, jina ni langu na kelele ni za Gerold. Simu ya tochi. Sanduku la nguo, na ndani yake kile kitenge.

Darini, mkono wa kulia ukiingia, juu ya ubao, kuna debe la chumvi. Hilo si langu. Namtunzia mwenyewe.